Pima matumaini yako kwa daftari: mwongozo wa mwezi mmoja

Ukimuuliza mtu wa kwetu maisha yanaendaje, atakwambia "tunamshukuru Mungu" hata kama juzi amesimamishwa kazi. Ndivyo tulivyolelewa: habari ni nzuri kwanza, halafu baada ya "ila" ndiyo yanakuja yenyewe. Ni adabu njema na siipingi. Lakini adabu hiyohiyo humfanya mtu asijue, hata akiwa peke yake chumbani, kama moyo wake unatazamia mema au umeshazoea kungoja mabaya. Mdomo umejibu kabla moyo haujaulizwa.

Kwa hiyo usijiulize tu, "Je, mimi ni mtu wa matumaini?" Utajipa jibu la salamu. Matumaini yanaonekana mahali pengine: katika tarehe unazojiwekea, katika sababu unazozitoa jambo linapoharibika, na katika kazi unayoifanya ukingali huna uhakika. Hayo matatu yanaandikika. Tafuta daftari dogo na kalamu, ujipe mwezi mmoja.

Kabla hujaanza

Kama kwa wiki 2 au zaidi umekuwa na huzuni isiyoondoka, usingizi umepotea au umezidi, chakula hakipiti, na vitu ulivyovipenda havikupi raha tena, acha daftari kwanza. Hiyo inaweza kuwa sonona, nayo ni ugonjwa wenye matibabu. Nenda kituo cha afya ueleze hivyohivyo. Hospitali za rufaa zina kliniki za afya ya akili, na wapo wataalamu Muhimbili, Mirembe ya Dodoma na Mathari ya Nairobi. Na kama umeanza kufikiria kujiua, usingoje kesho. Mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi, muende hospitali pamoja.

Hatua ya 1: Jibu sentensi sita

Ziandike kwenye ukurasa wa kwanza, na pembeni ya kila moja weka namba: 0 kama hukubali kabisa, 1 hukubali, 2 uko katikati, 3 unakubali, 4 unakubali kabisa. Jibu haraka. Ukianza kuipima sentensi kwa dakika tatu, utakuwa umeanza kumjibu mwalimu.

1. Nikianza jambo jipya, mara nyingi naona litafika pazuri.
2. Kitu kizuri kikigawiwa, najua kitaisha kabla ya zamu yangu.
3. Miaka 5 ijayo naiona bora kuliko leo.
4. Sipendi kutegemea jema, kwa sababu kwangu haliji.
5. Mambo yakininyookea, huwa nangoja yaharibike.
6. Nikijumlisha yote, nategemea kupata mema mengi kuliko mabaya.

Sentensi ya 2, ya 4 na ya 5 zinahesabiwa kinyume: 4 inakuwa 0, 3 inakuwa 1, 2 inabaki 2, 1 inakuwa 3 na 0 inakuwa 4. Jumlisha. Utapata namba kati ya 0 na 24.

Mpangilio huu unafuata kipimo cha Michael Scheier na Charles Carver, wanasaikolojia wa Marekani waliokitoa mwaka 1985 na kukirekebisha mwaka 1994 wakiwa na Michael Bridges. Chao kina sentensi 10, na 4 kati ya hizo hazihesabiwi kabisa. Ziliwekwa ili anayejibu asigundue mapema kinachotafutwa. Sentensi za hapa nimezitunga mwenyewe, basi usiichukue namba yako ukailinganisha na za Wamarekani. Hata wao hawakuweka mstari kwamba ukifika hapa una matumaini na chini ya hapo huna. Namba ni ya kujilinganisha na wewe mwenyewe.

Ndiyo maana inabidi ujibu mara mbili. Mara ya kwanza siku pesa ikiwa mfukoni, mara ya pili siku kumekauka kabisa na mwenye nyumba amepiga simu. Funika majibu ya kwanza usiyaone. Namba zikikaribiana, umeugusa mtazamo wako wenyewe. Zikiachana mbali, kwa mfano 19 na 8, ulichopima ni hali ya mfuko, na ni vizuri kulijua hilo mapema, maana kuna watu wanaofanya maamuzi makubwa ya ndoa na biashara kwa kufuata tarehe ya mshahara.

Mtu anaweza kuuliza kuna faida gani kupima kitu kama hiki. Mwaka 1989 Scheier na wenzake walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanaume 51 waliopasuliwa moyo ili damu ipitishwe njia mpya. Wale waliokuwa wakitazamia mema kabla ya upasuaji waliinuka kitandani na kutembea mapema zaidi, na miezi 6 baadaye walikuwa wamerudia shughuli zao kwa wingi kuliko wenzao. Matazamio yako yanaingia mpaka kwenye miguu yako.

Hatua ya 2: Sikiliza sababu unazozitoa

Hapa ndipo pana uzito kuliko kote, kaa napo.

Chukua wanawake wawili wa kikundi kimoja cha kuweka na kukopa. Wote walikopa, wote wakanunua kuku wa kienyeji, na kideri kikapita mtaani kikafagia mabanda yote mawili ndani ya siku chache. Kwenye kikao cha Jumamosi wa kwanza anasema, "Jamani, mimi na mifugo hatupatani. Kila ninachogusa kinaharibika, ndivyo nilivyoumbwa." Wa pili anasema, "Dada, tulichelewa chanjo. Lile tone la jichoni linarudiwa kila miezi 3, sisi tulichanja mara moja tukasahau." Hasara ni ileile, deni ni lilelile, na machozi yapo kwa wote wawili. Lakini ukirudi baada ya miezi 6 unajua ni banda lipi litakuwa na kuku.

Martin Seligman, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ndiye aliyeufanya utafiti wa sababu hizi ujulikane sana. Alisema ziulizwe maswali matatu. Je, sababu uliyoitoa ni ya kudumu au ya kupita? Je, inagusa maisha yote au jambo hilo moja? Je, imekaa ndani yako au nje yako? Mama wa kwanza amejibu vibaya kote: ni ya kudumu ("ndivyo nilivyoumbwa"), imeenea ("kila ninachogusa"), na ni yeye mwenyewe. Wa pili naye amekubali kosa, hajamsingizia mtu, ila kosa lake lina tarehe na lina dawa.

Sasa fanya hivi. Kumbuka mambo 3 yaliyokuharibikia miezi ya karibuni, na kwa kila moja andika sentensi ya kwanza uliyojiambia, si ile uliyowaambia watu. Kisha piga mstari chini ya kila "siku zote", "kamwe", "kila kitu", "hakuna hata mmoja", "mimi tangu zamani". Halafu fanya vilevile kwa mambo 3 yaliyokwenda vizuri. Watu wengi huruka sehemu hii, na ndiyo inayotoa siri. Mtu aliyezoea kutazamia mabaya anapopata jema hulipunguza: "ilitokea tu", "walinionea huruma", "mtihani ulikuwa rahisi". Baya analipa mizizi, jema analipa mabawa. Mwenye matumaini anafanya kinyume chake: mteja akirudi anasema, "Chapati zangu laini," asiporudi anasema, "Leo mvua."

Niongeze tahadhari moja. Zipo sababu ambazo kweli ni za kudumu na kweli ziko nje yako: shamba lisilo na maji, ofisi isiyosogeza faili bila kitu kidogo, maradhi ya kurithi. Kuziita za kupita ni kujidanganya. Zoezi hili halikuombi ubadilishe ukweli uwe mtamu. Linakuomba utenganishe kilichotokea na hukumu uliyojikatia juu ya maisha yako yote.

Na tabia hii inabadilika, jambo hilo lina ushahidi mrefu. Mwaka 1967 Seligman na mwenzake Steven Maier walichapisha majaribio ya mbwa waliopigwa shoti ya umeme bila njia ya kuizuia. Baadaye njia ya kutoroka ilipofunguliwa, wengi walilala tu wakavumilia. Kwa miaka mingi ilielezwa kwamba mbwa wale walijifunza kukata tamaa. Mwaka 2016 wawili hao waliandika kwamba uchunguzi wa ubongo umewaonyesha kinyume: kunywea ndiyo hali ya kwanza ya mwili mbele ya mateso marefu, na kinachofunzwa ni kujua kwamba una mamlaka juu ya jambo fulani. Kwa hiyo ukijikuta umenywea, hujaharibika. Unachohitaji ni kitu kidogo ambacho ukikishika kinasogea.

Hatua ya 3: Weka makadirio yako kwenye daftari

Gawa ukurasa sehemu nne: jambo, tarehe, namba, kilichotokea. Namba ni kati ya 0 na 10, ukijiuliza, "Mambo kama haya yakiwa 10, mangapi yatatimia?" Andika mawili au matatu kila jioni. Yawe madogo, yenye mwisho unaoonekana:

*Fundi cherehani anipe gauni Alhamisi. 7. Hapana, alinipa Jumapili.*
*Wa duka la jumla alipe deni kabla ya tarehe 15. 5. Ndiyo.*
*Mtoto apate zaidi ya 60 hesabu. 4. Ndiyo, amepata 71.*

Mechi za Simba na Yanga, au Gor na Ingwe, ziache nje. Hapo mapenzi ndiyo yanayoandika namba.

Ukifikisha mistari kama 30, kusanya yote uliyoyapa 7 kwenda juu. Ikiwa yaliyotimia ni nusu tu, unaona mbele pazuri kuliko palivyo. Kisha kusanya uliyoyapa 3 kwenda chini. Ikiwa mengi yalitimia, umekuwa ukijinyima furaha ya bure na pengine umeacha kuomba vitu ambavyo ungepewa. Mtu yuleyule anaweza kuwa na yote mawili: anaamini mno kuhusu muda, anakata tamaa mno kuhusu watu. Ndiyo faida ya daftari juu ya ile namba ya hatua ya kwanza. Linakuonyesha ni wapi.

Kuhusu muda, karibu sote tunaamini mno. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliuandikia ugonjwa huu mwaka 1979, na mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake waliupima kwa wanafunzi wa chuo kikuu nchini Kanada waliokuwa wakimalizia tasnifu. Kwa wastani wanafunzi walisema watamaliza kwa siku 34 hivi. Walitumia karibu siku 56. Hata walipoambiwa wakadirie mambo yote yakienda mrama, walisema siku 49 hivi, na bado uhalisia ukawapita.

Hatuhitaji kwenda Kanada kuliona hili. Tembea pembezoni mwa Dar es Salaam, uhesabu mapagale. Kila pagale lilianza na mtu aliyesimama kwenye kiwanja chake mwezi wa 6 akasema, "Mpaka Desemba tunapaua." Alihesabu tofali, saruji na nondo. Hakuhesabu boza la maji, lori la mchanga lililokwama, fundi aliyekwenda msibani kijijini akakaa wiki 3, wala Januari yenye ada na sare za watoto. Kuta zikaishia kwenye lenta, mbuzi wakahamia. Huyu si mjinga wala mzembe. Alitazama mpango wake kwa ndani, akaona hatua moja ikifuata nyingine bila pengo.

Tiba yake ni kutazama kwa nje. Kabla hujaandika tarehe yako, waulize majirani watatu waliojenga mtaa huohuo: "Ndugu yangu, toka msingi mpaka bati, ilikuchukua muda gani?" Chukua jibu la katikati, ndilo tarehe yako. Usijipunguzie kwa kuwa wewe una mpango mzuri zaidi; nao walikuwa nao. Fanya hivyo kwa harusi, kwa duka jipya, kwa mkopo, kwa digrii ya jioni.

Kuna makadirio mengine ambayo kukosea kwake si kuchelewa bali ni kufa. Neil Weinstein mwaka 1980 aliwauliza wanafunzi zaidi ya 250 wa chuo kimoja cha New Jersey nafasi yao ya kupatwa na mabaya, wakijilinganisha na wenzao. Wengi wao walijiona wako salama kuliko wenzao, jambo ambalo kwa kundi zima haliwezekani. Ndivyo abiria wa bodaboda anavyoiacha kofia ngumu kwa sababu "ni hapo tu", na ndivyo mtu mwenye presha anavyoacha dawa akijisikia vizuri. Kwa hiyo tenga mistari michache ya daftari kwa hatari zako mwenyewe. Ukiona kila mahali umejipa namba ya usalama kubwa kuliko unayompa jirani yako, hayo si matumaini ya kujivunia.

Hatua ya 4: Tazama mikono yako

Rudi kwenye kila jambo uliloliandika na uongeze alama moja: umelifanyia nini tangu ulipoandika? Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia Mjerumani, alionyesha tofauti ambayo wengi wetu hatuioni. Katika utafiti wake wa mwaka 1991, aliofanya na Thomas Wadden kwa wanawake waliokuwa kwenye mpango wa kupunguza uzito, waliotarajia kwa dhati kufaulu walipungua zaidi. Lakini waliokuwa wakijiona kichwani tayari wamekuwa wembamba na kila kitu kimekuwa rahisi, walipungua kidogo. Ndoto tamu ilikwishawalipa ujira kabla ya kazi.

Kwa waumini, hapa ndipo pa kujiuliza kwa upole kuhusu "Mungu akipenda". Imani yako usiipe namba, si makadirio. Lakini tazama ukishalisema, unafanya nini. Waislamu wanakijua kisa cha Bedui aliyeambiwa na Mtume amfunge ngamia wake kwanza ndipo amtegemee Mungu. Kamba ipo kwenye daftari lako au haipo?

Wapo pia wanaotazamia mabaya na mikono yao haitulii: siku tatu kabla ya usaili ameshawaza kila swali litakalomkwamisha, ameshapanga usafiri wa akiba, ameshachapa vyeti nakala mbili. Julie Norem na Nancy Cantor waliwachunguza watu wa namna hii miaka ya 1980 na kukuta wanafaulu vizuri, na ukiwalazimisha watulie na kuwaza mema ndipo wanaharibu. Ukijikuta humo, namba yako ndogo ya hatua ya kwanza isikutie wasiwasi. Woga wako unafanya kazi. Na aliye karibu na mtu kama huyu, mume au dada, aache kumwambia "ondoa shaka".

Hatua ya 5: Uliza mtu mmoja

Mmoja tu, anayekujua ukiwa huna wageni. Shangazi, wifi mnayeelewana, mshikaji wa toka shule. Usimuulize mbele za watu na usimuulize kama wewe ni mtu wa matumaini, maana atakupa heshima yako. Muulize hivi: "Nikikuletea wazo jipya, au wewe ukiniletea, neno langu la kwanza huwa lipi?" Kisha nyamaza. Akisema, "Wewe? Wewe huwa unaanza na 'itakuwaje kama'," andika. Akisema, "Unakubali kabla sijamaliza," andika hilo pia. Mwambie asante, basi. Usijitetee, la sivyo hatakwambia tena.

Hatua ya 6: Soma yote pamoja

Mwezi ukiisha weka kurasa mbele yako. Namba kubwa, sababu zenye dawa, makadirio yanayokaribia ukweli: endelea na maisha yako, daftari litumie kwa hesabu za duka. Namba kubwa lakini makadirio yanapotea mbali: usijilazimishe kutazamia mabaya, badili tarehe tu, ukianza na swali la majirani watatu. Na kabla ya kukopa kwa matarajio ya faida, subiri mistari 30 mingine.

Namba ndogo na mambo uliyoyapa namba ya chini kweli hayakutimia: huenda uko mahali pagumu na macho yako yanaona sawasawa. Kazi hapo ni kubadili mahali au kutafuta msaada, na yeyote anayekwambia "kuwa chanya tu" hajakusikiliza. Namba ndogo huku mema uliyoyapa 2 na 3 yakiwa yametimia mengi: rudi hatua ya 2, kwenye sababu za mema. Kila jioni kwa wiki 4 andika jema moja na sehemu yako ndani yake, hata kama ni kwamba uliamka mapema ukawahi gari.

Andika tarehe juu ya ukurasa wa sentensi sita, ukunje, uuweke pamoja na vyeti. Rudia baada ya miezi 6 bila kuuchungulia. Chagua mwezi usio na sikukuu wala ada.